Ujiji kwa siku tatu: kuvuka ziwa kutoka Kalemie kwenda kutazama mji wa zamani

Muulize mkaaji wa Kalemie watu wanaenda Kigoma kufanya nini, atakujibu haraka: kurangula vitu, kutafuta matibabu, kusalimia ndugu aliyebaki kambini Nyarugusu. Wengi walifika kule mara ya kwanza kwa kukimbia vita, si kwa kupenda. Ni wachache wanaoweza kusema, nilienda kutembea tu, kutazama. Na hata kati ya wale wanaovuka kila mara na mizigo yao, kuna ambao hawajakanyaga Ujiji, ingawa kutoka bandari ya Kigoma hadi pale ni karibu kilomita nane tu.

Ni hasara kwao, sababu Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma na kuliko Kalemie. Kalemie ilianza mwisho wa mwaka 1891 kama kambi ya askari wa Kapiteni Jacques, ikaitwa Albertville. Kigoma ilikua hasa reli ilipofika pale mwaka 1914. Lakini Burton na Speke, Waingereza wawili waliotoka pwani kwa miguu, walipofika ziwani Februari 1858, walikuta Ujiji ni soko tayari. Waarabu na Waswahili walikuwa na nyumba zao pale, Wajiji walileta samaki na mawese, chumvi ilitoka Uvinza. Baadaye shanga zilizoitwa sofi zilitumika sokoni kama feza.

Na pembe za ndovu na watumwa? Wengi walitoka upande wetu. Kutoka Kasongo na Nyangwe, katika Maniema ya leo, misafara ilishuka hadi Mtoa, kwenye mwambao wa ziwa kaskazini mwa Kalemie. Pale watu walipakiwa katika mitumbwi mikubwa, wakavushwa hadi Ujiji. Kutoka Ujiji walitembea tena hadi Tabora, halafu hadi Bagamoyo kwenye Bahari ya Hindi, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Kuna waliofika na kuna walioachwa njiani. Kwa njia hiyohiyo, lakini kwa kuelekea huku, ndipo Kiswahili kiliingia Kalemie, Kongolo, Kasongo mpaka Kindu. Kwa hiyo mtu wa Tanganyika ao wa Maniema akienda Ujiji, haendi kutazama historia ya watu wengine.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiandikisha njia hiyo kwa UNESCO, katika orodha ya mahali panapongojea kukubaliwa kama urithi wa dunia. Ujiji ndiyo mwisho wake wa upande wa ziwa.

Kitu ambacho wageni wengi wanaenda kuona pale ni kumbukumbu ya Livingstone. Ni mahali ambapo mwandishi Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone, mwezi wa Novemba 1871. Mwembe waliosimama chini yake ulikwisha kufa, lakini ipo miembe inayosemwa imetokana nao, na jiwe la ukumbusho, na jumba dogo la makumbusho lenye sanamu za wale wazungu wawili wakisalimiana. Mtu asiyejua mambo anaweza kuzunguka pale kwa nusu saa, apige picha, arudi akisema hakuna kitu.

Heri ajue kwanza kwa nini Livingstone alikuwa Ujiji. Alikuwa ametoka Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya umati, na wengi waliouawa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Mwenyewe aliandika kwamba waliokufa walikuwa mia kadhaa. Alikuwa anataka kuendelea kuufuata Lualaba, lakini baada ya siku ile alishindwa kubaki na watu wale, akarudi nyuma kwa miguu hadi ziwani, mgonjwa, amekonda. Alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba, akakuta vitu alivyotumiwa kutoka pwani vimekwisha kuuzwa na mtu aliyepewa kuvilinda. Hapo ndipo Stanley alimkuta. Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza, iliongeza nguvu ya wale waliodai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na lilifungwa mwaka 1873.

Basi ukisimama mbele ya zile sanamu mbili, muulize mwenye kukuongoza habari za watu ambao hawana sanamu. Muulize juu ya Susi na Chuma, Waafrika waliokuwa na Livingstone na ambao, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake hadi pwani alipokufa mwaka 1873. Muulize pia misafara ilipita wapi. Waongozaji wanazoea kusimulia habari ya wazungu sababu ndiyo wageni wanauliza. Mkongomani akiuliza swali lingine, mazungumuzo yanabadilika.

Utaona pia kitu cha kushangaza: Stanley na Livingstone walikutana karibu na pwani ya ziwa, lakini leo kutoka kwenye ile kumbukumbu maji yako mbali, unatembea kabla ya kuyafikia. Sababu yake iko Kalemie, na tutairudilia.

Sasa safari yenyewe. Kalemie na Kigoma zinatengana kwa zaidi ya kilomita 120 za maji, na vyombo vingi vinavyovuka ni vya mizigo vinavyokubali pia abiria. Vinaondoka vikijaa, si vikifika saa. Kwa hiyo anayesema anaenda siku tatu ahesabu tano: siku tatu za kutembea, na siku mbili za kungojea bato, kwenda ao kurudi. Mwalimu ao mtumishi wa serikali mwenye ruhusa fupi asijifunge kwa siku ya mwisho.

Juu ya ziwa hakuna mchezo. Desemba 2014 meli MV Mutambala ilizama kwenye maji ya jimbo letu, watu zaidi ya 100 wakafa, na waliochunguza walitaja mzigo kupita kiasi pamoja na upepo mkali. Kiangazi, tangu Mei hadi Agosti, upepo wa kusini unapiga sana na mawimbi yanakuwa marefu. Kabla ya kulipa tiketi, tazama chombo kimezama kiasi gani ndani ya maji, na uliza jile za kuokoa maisha ziko wapi. Wakikwambia ziko chini ya magunia, ni sawa na kusema haziko. Shuka. Ao nunua yako mwenyewe, na ya mtoto ikiwa unasafiri na mtoto, sababu jile ya mtu mzima inamtoka mtoto kichwani.

Karatasi nazo zinawaangusha watu wengi. Kongo ni ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kuna wanaofikiri kwamba karte ya mchaguzi inatosha. Haitoshi. Inaombwa paspoti, ao lese-pase inayotolewa na DGM, na ni kwa DGM ya Kalemie unapopaswa kuuliza, kabla ya kufunga mzigo, mambo ya viza yanakwenda namna gani kwa sasa, maana yanabadilika. Waliozoea kuvuka Goma, Bukavu ao Uvira kwa karatasi ya CEPGL wajue pia kwamba CEPGL ni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Tanzania haimo.

Halafu karte ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania inaiomba kwa mtu anayetoka Kongo. Chanjo moja inatosha maisha yote, lakini karte inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa leo jioni ili avuke kesho, karte yake bado haina nguvu. Na ile ya kununua sokoni bila sindano ni hatari mara mbili: bandarini, na mwilini.

Kuna jambo dogo ambalo linawashangaza Wakongomani wengi pale bandarini: sashe. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imekataza mifuko ya plastiki, na hata msafiri haruhusiwi kuingia nayo. Nguo, mkate, viatu, kila kitu ambacho huku tunafunga katika sashe, kitie ndani ya begi ao kikapu tangu nyumbani.

Feza pia ina desturi yake. Huku dola inalipa kila kitu, hata nyanya. Kule, tangu Machi 2025 sheria inakataza kuuziana kwa feza ya kigeni ndani ya inchi, kwa hiyo ukishuka, badilisha dola zako kwa shilingi katika benki ao duka la kubadilisha feza lenye ruhusa. Chukua noti safi na mpya. Zile za miaka ya zamani zinakataliwa ao zinapunguziwa bei. Franka za Kongo achia nyumbani za kukupokea wakati wa kurudi.

Sogeza saa yako mbele kwa saa moja: kukiwa saa mbili asubuhi Kalemie, ni saa tatu Kigoma, na ofisi zao zinafunga kwa saa yao. Na ukivuka barabara, tazama kwanza kuume. Magari ya kule yanapita kushoto, na mwenye macho ya Kalemie anatazama upande usio wenyewe.

Ndani ya Kigoma, asubuhi ya kwanza iwe ya Ujiji, kwa daladala ao kwa bodaboda, ndiyo taksi-moto yao. Patana bei mbele ya kupanda. Kwenye makumbusho kuna kiingilio, na inafaa kuuliza bei ya mtu wa Afrika Mashariki mbele ya kutoa noti. Usimalizie kwenye jumba; tembea mitaa ya Ujiji mpaka pwani, mahali wanatengeneza mitumbwi na kuanika samaki. Wanaviita dagaa vile sisi tunaita ndagala, na mikebuka yetu ni migebuka kwao. Ukisema bugali watakuletea ugali, na watakutambua mara moja umetoka ngambo. Si aibu.

Mchana rudi Kigoma utazame stesheni ya gari la moshi, iliyojengwa na Wadachi kwenye mwisho wa reli inayotoka Dar es Salaam. Pale pia kuna habari ya Kalemie. Desemba 1915 Waingereza walitia majini, kwenye upande wetu, boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, walizozivuta kwa reli na kwa msitu kutoka Afrika ya Kusini. Zikakamata chombo kimoja cha Wadachi, halafu kingine kikazamishwa. Mwezi wa Julai 1916 askari wa Force publique, Wakongomani chini ya Wabelgiji, waliingia Kigoma, halafu Ujiji. Wadachi walikuwa wamekwisha kuizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Goetzen. Waingereza waliitoa chini ya maji baadaye, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wazee wengi wa mwambao wanaikumbuka.

Kuna watakaokuambia uende Gombe kuona sokwe. Ni pazuri, na ndipo Jane Goodall alianza kazi yake Julai 1960, wakati Kigoma ilikuwa imejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo. Lakini Gombe inaombea boti, kiingilio cha mbuga na siku nzima. Mwenye siku tatu na feza kidogo aiache kwa safari nyingine.

Kurudi, weka karibu stakabadhi za vitu ulivyonunua, forodha watauliza. Na ukikwisha kulala na kupumzika, nenda hadi mahali mto Lukuga unatokea ziwani, hapahapa Kalemie. Mwaka 1874 Cameron, Mwingereza mwingine aliyetoka Ujiji, alifika pale akakuta mto umezibwa na majani na matope, maji hayatoki vizuri. Ziwa lilikuwa linapanda. Miaka michache baadaye, karibu 1878, ile ziba ilipasuka, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore aliona maji yakitoka kwa nguvu kuelekea Lualaba. Ziwa likashuka kwa metres nyingi katika miaka iliyofuata, na pwani ya Ujiji ikakauka, ikaiacha miembe nchi kavu. Maji yaliyokuwa karibu na Livingstone na Stanley yalipita hapa, chini ya macho ya Kalemie. Na katika miaka hii ya karibuni, ziwa lilipopanda tena na kuingia katika nyumba za watu, lilipanda pande zote mbili, Kalemie na Kigoma.