Mwangwi wa Bei Nafuu na Lugha ya Kuueleza

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba uvumbuzi wa maana hauna budi kugharimu mamilioni. Imani hiyo haina msingi, na ushahidi umo katika ultrasaundi, mtambo unaotumiwa kumtazama mtoto akiwa tumboni mwa mamake.

Mtambo huo hufanya kazi kwa mwangwi. Kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi hutoa mawimbi ya sauti yasiyoweza kusikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo hugonga viungo vya ndani na kurejea, kisha kompyuta huyageuza kuwa picha. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha matokeo yao mwaka wa 1958, wakiwa wameongozwa na mitambo iliyotumiwa viwandani kusaka nyufa katika vyuma. Hata leo, picha ya kawaida huonyesha kipande kimoja tu, mithili ya ukurasa mmoja wa kitabu. Picha ya pande tatu hukusanya kurasa zote, lakini mitambo yake ni ghali mno.

Mwaka wa 2017, watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Stanford nchini Marekani walionyesha njia nyingine. Dkt Joshua Broder, akicheza mchezo wa video na mwanawe, aliona jinsi kidude cha mkononi kilivyotambua kila mwendo. Je, kitambuzi kama hicho hakiwezi kufungwa kwenye ultrasaundi ya kawaida? Kilifungwa, na chipu yake iligharimu takriban dola 10. Kitambuzi hueleza kila ukurasa ulipigwa kutoka upande gani, nayo kompyuta huzipanga kurasa hizo kuwa umbo moja.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba kila mja mzito apigwe picha walau mara moja kabla ya wiki 24. Pendekezo hilo halidai pande tatu; ladai kifaa kilicho karibu. Mama wa mashambani asiye na nauli hafaidiki na mtambo ulio mjini, ujapokuwa bora namna gani. Ndiyo maana kila senti inayopunguzwa katika bei ina uzito.

Hata hivyo, bei ikishuka, utabaki ukuta wa lugha. Mkunga akiona kwamba kondo la nyuma limeziba njia ya uzazi, kisha akashindwa kumweleza mama kwa lugha anayoielewa, picha hiyo itakuwa imemfaa nani? Maneno tunayo: wimbi, mwangwi, kondo. Sisi wanaisimu hutumia chombo hicho hicho kuutazama ulimi unapotamka sauti, na hilo laelezeka kwa Kiswahili bila taabu.

Kwa hivyo, mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili wanapaswa kuketi meza moja. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa akili ni mali aonyeshwe chipu ya dola 10, kisha atakiwe kumweleza nyanyake jinsi inavyofanya kazi. Akiweza, ameelewa.