Irabu Tano za Kiiraqw na Irabu Tano za Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili akiletewa orodha ya irabu za Kiiraqw, lugha inayosemwa sana katika wilaya za Mbulu na Hanang, ataziona zilezile alizozizoea: a, e, i, o, u. Asihukumu upesi kwamba mambo ni mamoja. Lugha hizi zalingana kwa idadi ya irabu, lakini zaachana katika urefu wake.

Kwanza tutazame Kiswahili. Irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa kidogo, kwa kuwa ndiyo yenye mkazo. Mvuto huo haubadili maana. Na tunapoandika irabu mbili za namna moja, kama katika njaa au mguu, hizo ni silabi mbili. Asili yake yajulikana: kati yake palikuwa na konsonanti iliyodondoka, na lugha nyingine za Kibantu hata leo husema njala au nzala. Mkazo nao ni shahidi: katika mguu uko juu ya u ya kwanza, bali katika mguuni umehamia u ya pili.

Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, kina desturi nyingine. Kila irabu yaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo ni sehemu ya neno, kama konsonanti zilivyo. Slee, yaani ng'ombe jike, ni silabi moja tu. Aako, yaani babu, ni mbili wala si tatu. Sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993 yaeleza mfumo huu kwa mapana. Kidatooga cha Wabarbaig wa Hanang, ingawa ni cha jamii ya Kiniloti, nacho hutenga irabu fupi na ndefu.

Basi herufi aa zina kazi mbili katika wilaya moja. Mtoto akiigawanya aako kuwa a-a-ko, amefuata kanuni ya darasani. Akitamka njaa kwa silabi moja, amefuata kanuni ya nyumbani, wala haifai ahesabiwe mzembe. Vilevile anayeandika maneno na majina ya Kiiraqw asipunguze herufi mbili kuwa moja kwa sababu sikio la Kiswahili halioni tofauti. Aipunguzaye irabu hiyo ameondoa sauti iliyo ya neno lenyewe.