Shati limetengenezwa na nani?

Hebu geuza ukosi wa shati ulilovaa usome lebo. Tuseme inakuambia limetengenezwa Kenya. Kisarufi, hiyo ni kauli ya kutendwa, nayo ina hila yake: mtenda anaweza kuachwa nje na sentensi ikabaki sahihi. Limetengenezwa na nani? Kimya.

Wanafunzi wa mitindo hapa Embu wakiniuliza maana ya uwazi katika mnyororo wa ugavi, huwaambia waanze na vitenzi. Pamba hupandwa na kuvunwa, mathalani kule Mbeere. Kisha huchambuliwa, husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, nacho hutiwa rangi, hukatwa na kushonwa. Lebo huvifunika vitenzi vyote hivi kwa kimoja, 'kutengenezwa'. Kumbe nguo nyingi zinazoshonwa Athi River kwa soko la Marekani hutumia kitambaa kutoka ng'ambo, jambo ambalo mpango wa AGOA wa mwaka 2000 uliruhusu. Kilichofanyika Kenya ni kukata na kushona tu.

Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nchini Bangladesh Aprili 24, 2013, watu zaidi ya 1,100 walifariki. Ilibidi lebo zitafutwe kwenye kifusi ndipo ijulikane ni kampuni zipi zilizokuwa zikishonewa nguo mle.

Basi, kwa kila kitenzi, mwanafunzi na aulize: na nani, wapi, kwa ujira gani? Kampuni isiyoweza kujibu haijawa na uwazi, hata lebo yake ipendeze vipi.