Kazi za Umeme na Mafunzo Yake

Mwaka jana, masika yalipokwisha, mama mmoja wa kijiji tunachokaa alikuja kwetu jioni, akaketi barazani, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu ataka kwenda kujifunza kazi ya umeme. Niambie wewe uliyesoma: nikimruhusu, nitakuwa nimempeleka kazini, au nimempeleka kaburini?"

Swali hilo hatukulijibu upesi, maana mama yule alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwanawe alisoma katika shule ya mazoezi iliyo karibu na chuo chetu cha ualimu, akaendelea hata kidato cha nne, akafaulu katika hesabu na fizikia, katika mengine si sana. Nguzo za umeme zilipofika kijijini, naye ni mwepesi wa mikono, akaanza kumfuata mtu mmoja aliyekuwa akifunga nyaya majumbani. Baada ya miezi miwili mitatu akajiona amekwisha kuwa fundi. Alikuwa na koleo, bisibisi na kisu, na watu walimwita kwa kuwa ujira wake ulikuwa mdogo.

Katika nyumba moja aliunganisha nyaya juu ya dari, akayafunga maungio kwa kipande cha mfuko wa plastiki mahali pa utepe wake. Joto likaila plastiki ile, waya ukagusa bati. Na mwenye nyumba alikuwa amefunga waya wa kuanikia nguo kwenye msumari wa paa lile lile. Siku moja ya mvua mjukuu wa nyumba alitumwa kuanua nguo. Akaushika waya, akanaswa. Bibi yake hakumshika, na hiyo ndiyo iliyowaokoa wote wawili. Alichukua mchi mkavu wa kutwangia akaupiga ule mkono, mtoto akaanguka. Alipona, lakini kiganja chake kina kovu hata leo.

Yafaa mjue jinsi jambo hili lilivyokuwa karibu na mauti. Taa ya kawaida ya wati 60, katika umeme wa nyumbani wa volti 230, hupitisha kama robo ya ampea. Sehemu ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo hata ukasimama. Basi umeme uwashao taa moja tu wazidi ule wa kumwua mtu. Nyumba ile haikuwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, wala swichi ya kujikata yenyewe umeme unapovuja. Kijana hakujua kazi ya vitu hivyo, kwa sababu aliyemfundisha hakujua pia.

Sasa, watu wengi husema "fundi umeme" kana kwamba kazi hiyo ni moja. Ni msururu mrefu wa kazi, nasi twaupenda kuufuata tokea mwanzo wake.

Tutazame Kidatu, katika mto wa Ruaha Mkuu. Kituo kile kilianza kazi mwaka 1975, na mitambo yake minne, kila mmoja wa megawati 51, jumla yake ni megawati 204. Maji hupita katika njia iliyochongwa ndani ya mwamba, yakashuka kwa nguvu na kupiga mapanga ya gurudumu liitwalo turbini. Gurudumu likizunguka huizungusha jenereta. Lakini kazi haianzi hapo. Juu ya Kidatu kuna bwawa la Mtera, ambalo ndilo ghala la maji yake. Yuko mtu ambaye kazi yake ni kusoma kipimo cha kina cha maji na kuandika hesabu yake. Kazi hiyo haina sifa kubwa, wala hatujasikia mtoto akisema kuwa aitamani. Hata hivyo mwaka 2006, ukame ulipolipunguza bwawa lile na watu wa mijini wakapewa umeme kwa zamu, hesabu za maji ndizo zilizoangaliwa kila siku.

Ndani ya kituo wamo wachomeleaji wa vyuma, mafundi wa mitambo, na wale wakaao chumba cha usimamizi usiku na mchana wakitazama mishale ya vipimo. Katika bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024, mitambo ni tisa, kila mmoja wa megawati 235, yaani megawati 2,115. Umeme wake hupelekwa Chalinze kwa volti 400,000. Wanafunzi wetu huuliza, kwa nini volti nyingi hivyo, na nyumbani zatakiwa 230 tu? Sababu yake ni hesabu. Volti zikizidishwa mara mbili kwa nguvu ile ile, ampea hupungua nusu. Na joto linalopotea njiani hupungua hata kubaki robo. Ndiyo maana zipo transfoma za kupandisha volti kituoni, na nyingine za kuzishusha kidogo kidogo, mpaka ile mnayoiona juu ya nguzo kijijini. Kila mahali pa kupandisha na kushusha pana watu waliofundishwa.

Wala si maji peke yake. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika kwa umeme mwaka 2004. Na jirani zetu wa Kenya huchimba visima Olkaria, karibu na Naivasha, vyenye kwenda chini mita elfu mbili na zaidi, wakatoa mvuke uliochemshwa na moto wa ardhi; mtambo wao wa kwanza, wa megawati 15, ulianza mwaka 1981. Wataalamu wengi wa Kenya walikwenda kusomea kazi hiyo Iceland, katika mafunzo ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyoanza mwaka 1979. Twastaajabu kidogo kufikiri ya kuwa mtu alitoka Bonde la Ufa akaenda nchi ya barafu kujifunza habari za joto.

Tuje katika mafunzo. Hapa sisi walimu twastahili lawama, maana kwa miaka mingi tumewafanya watoto waamini ya kuwa anayeshika kalamu ni bora kuliko anayeshika koleo, na kijana asipopata nafasi ya chuo kikuu tukamwona amepotea. Katika kazi za umeme milango iko mingi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha ufundi wa umeme kwa hatua tatu, na mtu aweza kumaliza hatua moja, akafanya kazi, akarudi kusoma iliyofuata. Aliyefaulu hesabu na sayansi kidato cha nne aweza kuomba stashahada katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha, chenye kituo cha mafunzo ya nishati huko Kikuletwa, wilaya ya Hai, mahali palipokuwa na mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Stashahada ni miaka mitatu. Anayetaka uhandisi husoma chuo kikuu miaka minne, kisha hapana budi asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Na yule wa kufunga nyaya majumbani yampasa kuwa na leseni ya EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja, na kila daraja laonyesha kazi gani mtu ameruhusiwa kuifanya. Mkimwita fundi nyumbani, mwombeni leseni yake kabla hamjamwonyesha dari. Si utovu wa adabu.

Wazazi wengi humpeleka mwana wa kiume peke yake. Lakini huko Kinyasini, Unguja, kuna chuo cha Barefoot ambacho huwachukua akina mama wa vijijini, wengine wasiojua sana kusoma, wakafundishwa kwa miezi michache kuunda na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua, wakarudi kwao kuwasha taa. Basi asiseme mtu ya kuwa binti aliyefika kidato cha nne hawezi.

Lakini la kutia moyoni zaidi, kwa maoni yetu, ni lile ambalo kijana wetu hakufundishwa na yule bwana aliyemfuata, nalo ni utaratibu. Mafundi wa nguzo waliosoma hawapandi kwa ushujaa. Kwanza umeme hukatwa, kisha swichi hutiwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mwenye kazi. Hutundikwa kibao cha kuonya. Kisha fundi huchukua kipimo, akakijaribu mahali anapojua kuna umeme, ili ahakikishe kwamba chenyewe ni kizima. Ndipo apime waya. Hata akiona hauna kitu, bado hauamini: huunganisha nyaya na ardhi, upande huu na upande huu wa mahali anapofanyia kazi. Mbona, na swichi imefungwa? Kwa sababu yumkini mwenye duka, kwa kuudhika na giza, amewasha jenereta yake naye hakujitenga na waya wa barabarani. Volti zake 230 zikirudi nyuma katika transfoma ya kijiji, hupandishwa hata kuwa 11,000 au 33,000, na mtu aliye juu ya nguzo hana habari.

Hayo tulimweleza mama yule, mengine jioni ile, mengine siku nyingine. Tulimwambia ya kuwa umeme huua wasiojua, na wanaojua pia, wakiwa wavivu wa kuifuata hatua moja. Hatukumwambia kuwa mwanawe atakuwa salama. Tulimwambia kuwa akibaki bila mafunzo, koleo hatalitupa. Alifikiri sana. Akauliza karo, akauliza kama kuna bweni, akauliza tena kama wapishi wa chuo ni wasafi.

Mwezi wa kwanza kijana akaenda chuo cha ufundi. Tulimwona likizo iliyopita. Alikuja na fundi mwenye leseni kutoka mjini, wakapita kwetu kusalimu, kisha wakaenda kwenye nyumba ile ya waya wa nguo. Bibi wa nyumba alimwacha asimame nje kitambo kirefu, na hakumkaribisha mpaka yule mtoto mwenyewe alipokuja mlangoni kutazama. Wakakata umeme, wakatia kufuli. Kijana akatoa kipimo chake, akakijaribu kwenye soketi ya jirani kwanza, ndipo akapanda darini.