Chambeshi: Kivuko Kilichoona Vita Viwili

Msafiri ashikaye barabara itokayo Mpika kwenda Kasama, kaskazini mwa Zambia, huuvuka mto Chambeshi pengine bila hata kupunguza mwendo. Vijiji ni vichache, miti ya miombo imetanda pande zote, na kwenye mabonde nyasi hukua hadi kumfunika mtu. Jicho la mgeni haliuoni umaarufu wo wote hapa, isipokuwa akielekezwa kwenye ukumbusho uliojengwa ukingoni karibu na daraja la zamani.

Chambeshi ndio chimbuko la mbali kabisa la mto Kongo. Huanzia katika nyanda za juu zilizo kusini ya ziwa Tanganyika, ukashuka kuelekea kusini-magharibi mwendo wa kilomita 480 hivi, ukapotelea katika mabwawa ya Bangweulu. Maji hayo hutoka huko yakiitwa Luapula, yakapita ziwa Mweru, na safari yao huishia bahari ya Atlantiki. Livingstone aliuvuka mto huu Januari 1867, wakati wa mvua kali, na hadi alipofariki mwaka 1873 alikuwa akitumaini kwamba maji ya nchi hii ndiyo yaendayo Misri.

Kwa Wabemba, mto huu una heshima yake. Mfalme wao, Chitimukulu, akifariki, maiti yake huvushwa Chambeshi kwenda kuzikwa Mwalule, msitu wa makaburi ya wafalme ulio upande wa mashariki, ambao mlinzi wake huitwa Shimwalule.

Sasa tuje kwenye vita. Mwanzoni mwa Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck, akifukuzwa na Waingereza, aliingia Rhodesia ya Kaskazini na jeshi lake la Kijerumani. Tarehe 9 watu wake waliutwaa mji wa Kasama, kisha wakaelekea kusini. Tarehe 11 silaha ziliwekwa chini huko Ulaya, lakini habari hazikuwa zimefika porini, na mapigano yaliendelea. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14, hapa Chambeshi, ndipo Hector Croad, hakimu wa Kasama, alipomfikishia jenerali habari ya kusimamisha vita. Akakubali kwenda Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, akasalimu amri huko tarehe 25 akiwa na Wazungu 155 na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100.

Sisi tuliopitia mafunzo ya kadeti tulifundishwa ujanja wa jenerali huyu wa kurudi nyuma huku akipiga. Hesabu ya mizigo haikufundishwa. Kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilikwenda kichwani mwa mtu. Huku waliitwa tenga-tenga, na walichukuliwa vijijini kwa makumi ya maelfu, wakaacha mashamba ya ulezi bila mikono ya kukata na kuchoma miti. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa wapatao 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Askari wa Kijerumani nao walipelekwa Tabora, na wengine wakafia kambini humo kwa homa ya mafua kabla ya kuona makwao. Ukumbusho wa Chambeshi unawataja jenerali na hakimu.

Vita vya pili vilikuja kwa sababu ya reli. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inauvuka mto huu huu. Reli hiyo ilikuwa njia ya Zambia ya kukwepa kutegemea kusini. Oktoba 1979, wakati mazungumzo juu ya Zimbabwe yakiendelea London, makomando wa Rhodesia waliruka kwa miavuli usiku, wakateremka mto kwa mitumbwi myepesi, wakayalipua madaraja ya reli na ya barabara. Shabaha haikuwa chuma na saruji. Ilikuwa kuilazimisha Zambia ipitishe shehena zake kwa adui. Mahindi na shaba havikuweza kuvuka.

Miezi sita baadaye, Aprili 1980, Zimbabwe ikawa huru. Madaraja yalitengenezwa tena, na behewa za shaba zikarudi kupita juu ya maji yale yale yanayovusha maiti za wafalme kwenda Mwalule.