Kununua Kochi Lililotumika: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kutoa Fedha

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet mwezi wa Oktoba hungojewa sana. Wakulima wadogo, wapelekao majani yao katika viwanda kama vile Litein na Mogogosiek, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa hesabu ya kilo. Kisha, hesabu za mwaka zikiisha kufungwa mwisho wa Juni, hupewa yale malipo ya pili ambayo kila mtu huyaita bonasi. Fedha hizo hufika zote kwa mara moja, na pamoja nazo hufika wachuuzi. Kando ya barabara huonekana makochi yamepangwa, mengine mapya, mengine yamekwisha kukaliwa na watu wengine miaka mingi, na bei ya hayo ya pili humvuta mtu macho.

Si jambo baya mtu kutaka viti vizuri nyumbani mwake. Hapo kale Wakipsigis walikalia vigoda vilivyochongwa kwa mti mmoja, na hapana aliyeona haya. Mashamba makubwa ya chai yalipoanza kupandwa katika miaka ya 1920, makochi yalikuwa vyombo vya nyumba za mameneja na walowezi. Aliyeyajua sana ni yule aliyeyapangusa vumbi. Siku hizi kochi ni chombo cha kila mtu, na nyumba isiyo nalo huonekana kama haijamalizika. Kwa sababu hiyo hasa yapasa kufikiri, maana kitu kinachotakiwa na kila mtu hununuliwa kwa haraka.

Tumfikirie mkulima mmoja wa upande wa Bureti, mwenye ekari moja ya chai. Binti yake ameposwa, na wazee wa upande wa mume watakuja kwa koito mwezi wa Desemba. Mtu amemletea habari ya seti ya makochi, kiti kimoja cha watu watatu na viwili vya mtu mmoja mmoja, kwa shilingi 18,000.

“Mama Chebet,” asema yule bwana, “wazee wa watu wanakuja kuzungumza habari ya ng’ombe. Tutawakalisha juu ya benchi la jikoni?”

“Baba Chebet,” mkewe ajibu, “wageni watakaa siku moja. Karo ya Januari haitangoja.”

Wote wawili wana haki. Kama haja ni ya siku moja tu, viti vya kukodi vyatosha, na jirani mwema hakatai kuazima vyake. Tena bonasi si kitu cha kutumainiwa kwa kiasi kile kile kila mwaka: katika mwaka 2025 wakulima wengi wa magharibi ya Bonde la Ufa walipata kidogo kuliko walivyotazamia, na kidogo kuliko wenzao wa mashariki, na walionunua vitu kwa ahadi ya bonasi walitaabika. Basi swali la kwanza ni kama kochi latakiwa kwa maisha ya kila siku ya nyumba hiyo. Likijibiwa ndiyo, ndipo mtu aende kulitazama. Na alitazame mchana, si jioni.

Mnunuzi asiye na maarifa hutazama kitambaa. Fundi hutazama mbao. Kitambaa ni nguo tu, huvuliwa kikavikwa kingine, lakini kiunzi cha mbao ndicho kochi lenyewe. Katika milima hii makochi mengi hutengenezwa kwa mtarakwa, kwa grevilea ile inayopandwa mipakani mwa mashamba, au kwa mkaratusi. Mbao hizo zote zafaa kama zilikaushwa vema. Zikipigwa misumari zingali mbichi hupinda baadaye na viungo hufunguka. Wako pia watengenezaji wanaoficha mabanzi na vipande vya makreti ndani ya kitambaa kizuri, wakijua kwamba hapana mtu atakayeona.

Iko njia rahisi ya kujua. Shika mguu mmoja wa mbele wa lile kochi refu, uuinue kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni. Mguu wa pili wa mbele wapaswa kuinuka nao. Ukiona wa pili umebaki chini kama haukusikia habari, kiunzi kimelegea na kinajipinda. Kisha sukuma egemeo mbele na nyuma, na mikono ya kochi nje na ndani. Mlio wa kukwaruza ni msumari unaotembea ndani ya tundu lake. Baada ya hayo lipindue. Muuzaji wa haki hatakataa. Chini ya kochi huwa kitambaa chepesi kilichopigiliwa. Omba ruhusa ya kukifungua pembeni, utazame kwa tochi. Ukiona unga mwembamba kama wa mahindi chini ya vitundu vidogo, huo ni uchafu wa dumuzi wa mbao, na dumuzi huyo hataridhika na kochi peke yake kama nyumba ina nguzo na dari za mbao.

Sponji hujulikana kwa goti. Bonyeza kwa goti mahali pa kukalia, kisha ondoa goti upesi: sponji hai hurudi mara moja, iliyokufa hubaki na shimo. Makochi ya zamani sana hayana sponji bali springi na makumbi ya nazi, na hayo, kama springi hazijakatika, yaweza kuwa bora kuliko mapya mengi yauzwayo leo. Watu huyadharau kwa sababu ni mazito.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme yule bwana wa Bureti amelitazama lile kochi la shilingi 18,000 akakuta kiunzi ni kizima, lakini sponji zimekufa na kitambaa kimechanika. Gari la kulichukua ni shilingi 2,000. Sponji mpya za viti vitano ni 7,500. Kitambaa mita 20, kwa shilingi 350 kila mita, ni 7,000. Fundi ataka 5,000. Jumla ni shilingi 39,500. Na seremala wa hapo kijijini atengeneza seti mpya kwa 42,000. Kwa hiyo yule bwana ataokoa shilingi 2,500 tu, na kwa tofauti hiyo atapata mbao za umri asioujua.

Yafaa kuihesabu bei kwa kurudi nyuma. Kwanza ulize bei ya jipya. Kisha kata shauri kwamba lililotumika, likiisha kutengenezwa na kufika nyumbani, lisizidi theluthi mbili za bei hiyo, yaani 28,000 katika mfano huu. Toa gharama zote za gari, sponji, kitambaa na fundi, ambazo ni 21,500. Kinachobaki, shilingi 6,500, ndicho mnunuzi awezacho kumpa muuzaji. Muuzaji atacheka. Aachwe acheke, pengine baada ya wiki mbili atamtafuta mnunuzi mwenyewe. Lakini kama sponji ni hai na kitambaa kimechakaa kidogo tu, hesabu yageuka kabisa, na 18,000 yaweza kuwa bei ya haki.

Kunguni hawana budi kutajwa, ingawa wauzaji huona ni matusi. Mdudu huyu hakai mwilini kama chawa; mchana hujificha katika mishono na nyufa, usiku hutoka kunyonya damu. Aweza kukaa miezi bila kula, hasa mahali pa baridi kama Kericho, basi kochi lililokaa ghalani muda mrefu si salama kwa sababu hiyo tu. Fungua mishono ya mito, tazama vidoa vyeusi kama vya wino, maganda mepesi, na mayai meupe madogo. Haijathibitishwa kwamba kunguni hueneza ugonjwa kwa kuuma, lakini huwanyima watoto usingizi, na wakiingia katika laini za wafanyakazi wa mashamba ya chai, ambamo vyumba vimepakana ukuta kwa ukuta, hawatakuwa taabu ya nyumba moja. Joto lipitalo digrii 50 huwaua pamoja na mayai yao. Kwa hiyo vitambaa vitokavyo vitiwe katika maji yanayochemka. Kuanika juani hakutoshi katika nchi yenye mawingu mengi. Na kupaka mafuta ya taa, kama wengine wafanyavyo, ni kuandaa moto.

Maana sponji hushika moto upesi mno, na moshi wake una sumu iwezayo kumwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Katika mwaka 1979 duka kubwa la mji wa Manchester, Uingereza, lilishika moto mahali palipokuwa na makochi, na watu 10 wakafa. Katika mwaka 1988 serikali ya huko ilitunga sheria kali juu ya sponji na vitambaa vya viti, na vilivyotumika pia. Mwenye kupasha chumba joto kwa jiko la makaa, au kuwasha koroboi, aliweke kochi mbali na vitu hivyo, awe amelinunua jipya au kuukuu. Na jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa.

Liko jambo jingine ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo ni kama kochi ni mali ya yule anayeliuza. Watu wengi huchukua vyombo vya nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Chini ya sheria ya Kenya iliyotungwa mwaka 1968 juu ya ununuzi wa namna hiyo, chombo hubaki mali ya mwenye duka mpaka malipo yaishe. Vile vile wako wanaokopa fedha katika vikundi na kuandikisha makochi, runinga na ng’ombe kuwa dhamana. Na sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika imeweka daftari la kuandikisha haki hizo. Mtu akikuuzia kochi aliloliweka dhamana, deni laweza kulifuata hadi nyumbani kwako, nawe utabaki na sakafu. Mali ya wizi ni mbaya zaidi: anayeipokea akijua, au akiwa na sababu ya kudhani, kwamba imeibwa, aweza kufungwa hadi miaka 14.

Dawa yake si ngumu. Uliza kwa nini kochi linauzwa. Anayehama, anayestaafu kazi ya shamba na kurudi kwao, au aliyenunua jingine, atajibu bila kusita, na majirani zake watasema vivyo hivyo. Lakini anayetaka kochi litoke usiku, au asiyetaka majirani waulizwe, aachiwe kochi lake. Mkipatana, iandikwe karatasi yenye majina ya wote wawili, namba za vitambulisho, tarehe, bei, maelezo ya kochi, na neno kwamba muuzaji ndiye mwenyewe na hakuna deni juu yake. Shahidi mmoja atie sahihi. Mzee wa kijiji afaa sana. Fedha zikipelekwa kwa simu, ujumbe wake usifutwe.

Kabla ya kuita gari, pima mlango. Maneno haya huonekana ya kitoto, lakini si mara moja watu wameonekana wakizunguka na kochi uani, wakiligeuza juu chini, na mwishowe kung’oa kizingiti. Chukua kamba, upime upana wa mlango na urefu wake, kisha upime kochi kwa kimo na kwa unene kutoka mbele hata nyuma. Kimoja cha vipimo hivyo viwili lazima kiwe kidogo kuliko upana wa mlango. Vyumba vya laini ni vidogo, na kochi la watu watatu laweza kula mahali pa kitanda cha watoto.

Lichukuliwe asubuhi. Katika milima hii mvua hupenda kunyesha alasiri, pengine na mawe yake, na sponji iliyolowa hukaa siku nyingi bila kukauka kwa baridi ya huko, kisha huota kuvu. Dereva asemaye kwamba hakuna mawingu asisikizwe. Turubai liwe juu ya gari tangu mwanzo, limefungwa kamba. Kochi likifika, miguu yake iwekwe juu ya vipande vya mbao kama sakafu ni ya udongo, na egemeo liachwe mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, ili hewa ipite. Vitambaa vile vya kufuma, ambavyo kina mama wa Kericho hutandika juu ya kila egemeo, viwekwe baada ya wiki kadhaa, mwenye nyumba akiisha kuitazama tena mishono yote kwa tochi, usiku, watu wakiwa wamelala.