KISU CHA KUKUNJA: RAFIKI WA MFUKO, ADUI WA VIDOLE

Ndugu mfanyakazi, tia mkono mfukoni. Kisu kimo? Ukitoka Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Banalia na Buta, huenda unacho tangu ujana. Umekatia kamba za magunia ya mpunga, umemenyea machungwa. Labda ni cha marehemu baba. Labda unavyo vitano sandukuni na hutaki kuuza hata kimoja. Hatukukatazi. Tunataka tu vidole vyako vibaki kumi.

Kwanza, kijue kisu chako. Kile kiitwacho Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika. Kina jina la mnyama wa misitu yetu, asiyeishi porini katika nchi nyingine yoyote. Leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Aina yenye meno hulia kra-kra-kra unapoifungua. Ili kuifunga, vuta kwanza pete ya mgongoni. Opinel ya Ufaransa ilianza mwaka 1890. Tangu 1955 ina pete ya chuma shingoni: izungushe, na makali hayarudi.

Lakini visu vingi vya zamani havina pete wala meno. Vinashikwa na springi tu. Ukisukuma kwa ncha, makali yanajikunja juu ya vidole vyako. Kwa hiyo usichome wala usitoboe kwa kisu cha namna hiyo. Kata tu, na ukate kuelekea nje, mbali na mwili.

Wakati wa mvua mpini wa mti huvimba na kisu hukataa kufunguka. Usikivute kwa meno! Kikaushe polepole kivulini, kisha tia tone la mafuta kwenye kiungo.

Kazini je? Kiache katika sanduku lako la nguo. Usikitundike shingoni kwa kamba, maana mashine inayozunguka haiulizi jina la mtu. Usimenye waya wa umeme kwa kisu. Usifungue kasha la baruti kwa kisu, wala usiguse detoneta kwa chuma chochote. Kazi hiyo ina vyombo vyake na watu wake.

Ukijikata, usicheke ukasema ni kidonda kidogo. Wengi huogopa kutu, lakini kutu peke yake haileti pepopunda (tetanosi). Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na kisu cha shamba hugusa vyote viwili. Tundu dogo lenye kina linatosha. Ugonjwa waweza kuanza baada ya siku 3 hadi 21: taya hukaza, shingo hukaza, na mtu anaweza kufa. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, nenda dispanseri siku hiyo hiyo. Usitie majivu wala udongo. Kidole kikikataa kukunjika au kikifa ganzi, usingoje kesho.

Je, umechanjwa? Mtu mzima asiyepata chanjo hata moja huchomwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya majuma 4, ya tatu baada ya miezi 6. Mama mwenye mimba naye aulize. Chanjo yake humlinda na mtoto atakayezaliwa.

Mama wa nyumba, visu vya baba viwekwe juu, vimefungwa, mbali na watoto. Na kisu kilichomkata mtu kisipewe mwingine kabla ya kuoshwa vizuri: damu hupitisha homa ya ini.

Ndugu, kisu cha baba kikipoteza makali, jiwe la kunolea litayarudisha. Kidole hakina jiwe la kunolea. Ukitaka mwanao akirithi kisu hicho, mfundishe leo, kwa mkono mzima, namna ya kukifunga.

FUNGA KISU KWANZA, NDIPO UINUKE!